Mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe kwa majiko ya taasisi Dodoma: miti inapona, moshi je?

Tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziambiwe ziache kuni na mkaa wa miti, tonge hizi za makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa zimepata soko. Kwa moto, zinastahili sifa: zikishashika, zinachemsha sufuria la maharage bila kuchochewa kila mara.

Kuwasha ndiko kuna kazi. Anza na vijiti vikavu, panga tonge juu yake zikiachiana nafasi, fungua mlango wa hewa wote. Usibandike sufuria mpaka ziwe nyekundu. Majivu ni mengi kuliko ya mkaa wa kawaida. Yakiziba wavu, hewa haipiti na moto unafifia.

Sasa kasoro ambayo muuzaji haitaji. Makaa ya mawe yana salfa, nayo ikiungua hutoa gesi inayowasha koo na kukohoza. Hewa ikipungua hutoka kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Katazo lililolenga kuokoa misitu linaweza kuhamishia madhara kwenye mapafu ya mpishi.

Chagua tonge zilizochomwa kwanza bila hewa: moshi hupungua, ingawa salfa haiishi. Zenye udongo mwingi hubomoka na kuacha majivu tele. Bila dohani linalopita juu ya paa, usinunue. Gesi ya mtungi ni afadhali.