Stendi ya kamera yenye kitanda cha V kwa madaftari makongwe

Kwa rejista zilizoshonwa ambazo uti umeanza kuachia, kifaa hiki cha kupigia picha kurasa kinaishinda skana bapa kwa mbali. Skana bapa hudai kitabu kifunguke digrii 180, tena kigeuzwe kifudifudi kwa kila ukurasa. Gundi ya zamani hukatika, na mshono hufuata. Hapa kitabu hulala chali kwenye pembe ya digrii 100 hadi 120, kioo kikashuka taratibu kunyoosha karatasi.

Kamera ya megapikseli 24 inatosha. Ukurasa wa A4 kwa pikseli 400 kwa inchi huhitaji takriban pikseli 3,307 kwa 4,677. Faili ya TIFF (aina ya faili ya picha) isiyobanwa, ya rangi za biti 24, hufika megabaiti 46 hivi, kwa hiyo daftari la kurasa 400 hula zaidi ya gigabaiti 18. Andaa nakala tatu, moja ikae jengo jingine.

Udhaifu wake ni kioo. Taa zikikaa juu mno, mng'ao hufuta wino uliopauka, na huo ndio wino tunaopigania kuuokoa! Ziweke pande zote mbili kwa digrii 45, uzime taa za dari. Vumbi nalo huacha nukta bandia. Kwenye maandishi ya herufi za Kiarabu nukta moja hugeuza herufi, basi futa kioo mara kwa mara kwa kitambaa kikavu. Karatasi iliyoliwa na wino wa chuma (wino wa kale wenye chumvi ya chuma) usiishushie kioo kabisa: hupasuka kufuata mistari ya maandishi.