Sanduku la huduma ya kwanza la shilingi 25,000: uzoefu wangu njia ya Kibaigwa

Nisidanganye: sanduku hili nililinunua kwa ajili ya trafiki. Mtungi wa moto ninao, pembetatu ninazo, likabaki hilo. Nikalipata kwenye duka la vipuri mjini Dodoma, jekundu, zuri kwa macho, shilingi 25,000. Miezi minane likakaa nyuma ya kiti cha Canter, hata nailoni yake sijaitoa.

Nabeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa kuja mjini. Jioni moja nimeshaipita Mbande, jua liko mbele kabisa, linapiga kwenye kioo hadi unaendesha kwa kukisia. Bodaboda aliyekuwa mbele yangu akavaa ng'ombe waliokuwa wanavuka. Ng'ombe aliinuka akaenda zake. Dogo hakuinuka.

Alikuwa anaongea, anamwita mama yake. Mkono wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo, na paja la kulia limechanika, damu inabubujika, jinzi imelowa mpaka gotini. Nikakimbilia sanduku. Ndani: roli tatu za bandeji zenye upana wa vidole viwili, pamba, kichupa cha spiriti, plasta kumi zenye katuni, glovu jozi moja iliyochanika nikiivaa, na mkasi wa plastiki. Mkasi huo uliitafuna ile jinzi bila kuikata.

Bandeji ya kwanza ililowa kabla sijamaliza kuizungusha. Nikaachana nayo. Kwenye kiti kulikuwa na khanga za mke wangu, doti nzima, nimetoka kuzichukua kwa fundi. Nikaipanua jinzi kwa mikono pale ilipotoboka, nikashindilia khanga moja ndani ya jeraha, nikagandamiza kwa viganja viwili na uzito wangu wote. Baada ya dakika mbili hivi nikainua nione kama damu imekata. Kosa. Ikafumka upya. Nikarudisha, nikamwachia utingo wangu zamu, nikamwambia asiinue hata akiitwa na rais.

Watu walishajaa. Mmoja anataka akalishwe, mwingine ana chupa ya maji. Aliyewazuia ni mzee wa Kigogo, mwenye ng'ombe wenyewe, ambaye angeweza kabisa kupotelea porini na mifugo yake. "Mwanangu, muacheni alale hivyohivyo, shingo hamuijui." Akaivunja fimbo yake vipande viwili gotini, tukaufunga ule mkono kati ya vipande hivyo kwa zile bandeji nyembamba. Hapo zilifaa, lazima niseme. Tukachomoa mlango wa nyuma wa bodi, tukamlaza juu yake, watu sita, tukamnyanyua kwa pamoja.

Hospitali sitaitaja. Dirishani tuliulizwa PF3 kwanza, na dogo yuko juu ya ubao. Wakubwa wameshatamka mara ngapi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ya polisi ifuate? Bahati nesi mmoja alichungulia mlangoni, akaona khanga. "Baba, leteni huku, karatasi zitatufuata."

Humo ndani ndipo nilipoelewa nilichouziwa. Walimpokea watu wanne na hakuna aliyeanza na mkono uliopinda, ingawa ndio uliokuwa unatisha kuliko vyote. Daktari alimwuliza jina. Dogo akajibu, daktari akasema njia ya hewa iko wazi. Mwingine ameshamvika kola shingoni. Kifua kikasikilizwa pande zote mbili, mapigo yakahesabiwa, sindano mbili nene zikaingia kwenye mkono usioumia, damu ikachukuliwa ya kupimia kundi. Wakammulika macho kwa tochi. Halafu nesi akatoa mkasi wenye ncha butu iliyopinda, akaipasua jinzi kutoka kifundo hadi kiunoni kama anafungua bahasha. Wakamkagua mwili mzima, mgongoni pia, wakimgeuza kama gogo, kichwa kimeshikwa na mtu wake maalumu. Wakapiga ultrasaundi ya tumbo kutafuta damu iliyojificha. Wakimaliza eneo wanalifunika blanketi papo hapo. Nesi alinieleza kwamba mwili ukipoa damu inachelewa kuganda.

"Imetokea saa ngapi?" Nikasema jua linazama. Akataka saa. Kuna dawa ya mshipani ya kusaidia damu isiendelee kumwagika, traneksamiki, ambayo inapaswa kuanza ndani ya saa 3 tangu ajali. Ukichelewa zaidi inaweza hata kudhuru. Utingo ndiye aliyeokoa jahazi: alikuwa amempigia mke wake simu palepale, ikasomeka saa 12:25. Mkono waliushughulikia mwisho, na sindano ya pepopunda.

Nilidhani utaratibu huo upo tangu enzi. Kumbe idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010.

Kwa hiyo sanduku nalipa nyota mbili, moja ya bandeji zilizofunga fimbo, moja ya boksi lenyewe, ambalo halipitishi vumbi. Plasta za katuni wamezimaliza wanangu. Sasa nimeweka bandeji pana za kuvutika, gozi nyingi, glovu imara jozi tano, kalamu ya kuandikia saa, na mkasi kama ule wa nesi, niliopata kwenye duka la vifaa tiba. Nina pia mkanda wa kubana damu. Huo ni wa pale mgandamizo unaposhindwa: unafungwa kwenye mkono au mguu, kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye goti wala kiwiko chenyewe, unakazwa mpaka damu isimame, unaandika saa, na hauulegezi njiani. Mkanda wa suruali usiutegemee, haukazi vya kutosha.

Dogo anatembea, paja lina kovu refu. Mzee nilimpelekea fimbo nyingine, akaikagua, akasema ni nyepesi.

Khanga iliyotumika haikurudi. Mke wangu alisema khanga moja bila mwenzake haivaliki, nimnunulie doti nyingine. Nimenunua. Ile iliyobaki imekunjwa juu kabisa sandukuni.