Lalamiko limefungwa, maji bado yanamwagika

Nimeutumia mfumo wa malalamiko wa mtandaoni wa mamlaka ya maji ya huku kwetu, na hasira bado sijaimaliza.

Bomba lilipasuka mbele ya genge la jirani, msimu ule wa joto ambao maji tunapewa kwa mgawo. Tunakesha kusubiri yatoke tujaze madumu, na huku yanamwagika mtaroni mchana kutwa! Nikajaza fomu kwenye simu, nikaweka na picha. Kujaza ni rahisi, sitasema uongo, na namba ya lalamiko ilikuja papo hapo.

Siku kama nne baadaye, usiku, ikaingia meseji: "Ndugu mteja, lalamiko lako limeshughulikiwa na kufungwa." Nikatoka na tochi. Maji yalikuwa yameshachimba shimo la kuzamisha ndoo, na mama wa genge kalaza mbao mbili ili wateja wapite.

Nikapiga simu. Aliyepokea akasema, "Mama, mimi kwenye mfumo naona limetatuliwa." Nikamwambia, mwanangu, nimesimama kwenye hayo maji. "Basi fungua lalamiko jipya." Akakata. Kule kukatiwa simu kuliniuma kuliko bomba lenyewe.

Nani alilifunga? Alifika? Mfumo hauonyeshi. Seoul, Korea Kusini, waliweza tangu 1999: mwombaji wa kibali anaingia mtandaoni anaona ombi lake limefika hatua gani na liko kwa ofisa yupi. Uingereza wana tovuti ya kuripoti kero za mtaani, FixMyStreet, tangu 2007. Ukiripoti shimo la barabarani, majirani wote wanaliona, na baada ya wiki nne unaulizwa wewe uliyeripoti kama limezibwa kweli. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nikiulizwa swali hilo moja tu, mengine yote ningeyasamehe.

Nilishaamua kuandika hapa kwamba msijisumbue. Ila lalamiko la pili nililifungua, kwa shingo upande, na keshokutwa yake akanipigia fundi, kijana kabisa. "Shikamoo mama. Nielekeze, nisije nikapotea kama wenzangu." Kumbe wale wa kwanza walipelekwa mtaa mwingine wenye jina linalofanana na letu, hawakuona bomba lililopasuka, wakafunga. Namba yangu ya simu walikuwa nayo!

Kijana alichimba mpaka magharibi, tope hadi magotini. Alipomaliza akaniita: "Mama, njoo uangalie mwenyewe kabla sijalifunga."

Kwa hiyo utumieni, lakini picha ionyeshe kitu ambacho fundi hawezi kukikosa, duka au msikiti. Nilitaka kuupa mfumo nyota moja. Naupa tatu, na zote ni za yule kijana. Meseji ya "limefungwa" ikija kwako, toka nje kwanza ukaangalie.