Kamba ya Nanga: Iulize Kwanza Kama Inazama

Mwezi wa Julai, kusi likiwa limeshika, mashua yetu ilikatikiwa na amari, yaani kamba ya nanga, pale Kunduchi usiku wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida, na kulipokucha tuliikuta imelala ubavu juu ya miamba, ubao mmoja wa omo, upande wa mbele, umepasuka. Kamba haikuwa imeoza wala haikuwa nyembamba. Ilikatwa na rafadha, yaani panga la mashine, ya boti iliyopita juu yake, kwa sababu upepo ulipotulia ilikuwa ikielea. Niliuziwa kwa jina la nailoni, na nailoni haikuwa.

Wanunuzi wengi huanza na unene na rangi, mambo ambayo muuzaji yeyote atakueleza, kwa hiyo sitayagusa. Ninalotaka uulize kwanza ni kama kamba hiyo itazama. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Chombo kilichotiwa nanga maji yamejaa, kina kikiwa mita 6, hupewa kamba ya mita 30 ili nanga isiburute, na maji yakipwa hadi mita 2, sehemu kubwa ya kamba hiyo haina kazi. Upepo ukilegea, kamba inayozama hulala mchangani, lakini inayoelea hujikunjakunja juu ya maji ikingoja mashine ya mtu.

Omba kipande cha urefu wa kidole, kitie ndani ya ndoo ya maji, kisha kiminye mpaka mapovu yaishe kutoka, kwa maana hewa iliyonaswa kwenye nyuzi hudanganya. Polipropilini itaibuka tena hata ukiizamisha mara kumi. Nailoni na poliesta zitakwenda chini zikae huko.

Ya kwanza kwangu ni nailoni ya nyuzi tatu zilizosokotwa, na sifichi upendeleo wangu kwa Marlow, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1807. Kipande nilicholetewa na shemeji kimeingia mwaka wa tano na bado kinashikika mkononi bila kuchoma. Nailoni huvutika, na huko kuvutika ndiko kunakopokea kishindo cha wimbi badala ya kukipeleka kwenye nanga au kwenye mbao. Ikilowa hupungua nguvu kidogo, kwa hiyo panda saizi moja.

Ya pili ni poliesta, ambayo haivutiki sana, haipungui nguvu ikilowa na huvumilia jua na msuguano kuliko nailoni. Kwa kufunga chombo gatini, omo na tezi (mbele na nyuma), sina ugomvi nayo. Kwa nanga kwenye mawimbi ningeichukua pale tu ambapo nailoni imekosekana. Ya tatu ni nailoni isiyo na jina, iliyopita mtihani wa ndoo mbele ya macho yako.

Ile polipropilini ya bluu ya bei nafuu ifungie mbuzi.

Kamba yoyote utakayochukua, itangulizie mita 2 au 3 za mnyororo upande wa nanga, kwa kuwa matumbawe hukata kamba kama msumeno. Mwisho wake usifungwe fundo ikiwa yupo fundi wa kusuka kitanzi, kwa sababu fundo huweza kuondoa hadi nusu ya nguvu ya kamba, ilhali kitanzi kilichosukwa vizuri huondoa kidogo tu.

Sasa niseme la wauzaji. Kamba huuzwa kwa kilo, na kilo moja ya polipropilini ya milimita 12 hutoa karibu mita 15, wakati ya nailoni hutoa kama mita 11, kwa hiyo mnunuzi huonyeshwa wingi huo kana kwamba ni ukarimu. Ukikataa kilo, hupimiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na anayeitwa kupima daima ni kijana mwenye mikono mifupi kuliko wote dukani. Pima zangu 15 zilipofika nyumbani zilikuwa 13. Nilimrudia mwenye duka nikiwa na kipande cha kamba yangu, nikakitia ndani ya ndoo yake ya kunawia mikono, kikaelea mbele ya wateja watatu. Alikitazama, akaniambia kwamba nailoni ya siku hizi ndivyo ilivyo.