Mafunzo ya kuandika dawa kwa sisi wauguzi, siku 5 Dodoma mjini: nyota 3

Wadau mlioniuliza inboksi kama yale mafunzo ya kuandika dawa kwa wasio madaktari yanalipa nauli, haya majibu. Mi muuguzi, zahanati yetu iko ndani ndani huko Bahi, tabibu ni mmoja, akienda semina au akiugua mi ndo nabaki na kalamu, mnajua wenyewe ilivyo. Waandaaji siwataji, wanajijua.

Kilichonikosha ni siku ya pili. Tuliambiwa tuje na kopi za vyeti vya dawa tulivyoandika wenyewe, majina ya wagonjwa tuyafute. Kuna mfamasia mmoja, mama wa makamo mpole kweli, akavimwaga mezani akaanza kusoma kimoja kimoja kwa sauti, aisee nlitamani ardhi ipasuke. Changu cha kwanza mtoto wa miezi 14, kikohozi na mafua, nimempa amoksilini. Akaniuliza, "Sista, pumzi ulihesabu?" Kimya. Chuoni nlisoma kabisa, mwaka mmoja mpaka mitano pumzi 40 kwa dakika kwenda juu ndo anahema haraka, dalili ya nimonia inayotaka amoksilini, miezi 2 hadi 11 ni 50, ila foleni ikishafika mlangoni nani anakumbuka. Akavua saa yake tukahesabiana dakika nzima, sio nusu dakika halafu unazidisha.

Cha pili dawa mseto ya malaria. Mtoto kilo nimekadiria kwa macho nikaandika kidonge kimoja kimoja, kumbe kilo 5 mpaka kabla ya 15 ni kimoja, akigonga 15 tu ni viwili, na mizani yetu iko stoo imefunikwa na maboksi ya vyandarua. Nimeitoa siku niliyorudi.

Kila kitu tulikitafuta kwenye kitabu cha mwongozo wa matibabu wa taifa, sio slaidi za Kizungu, hapo nawapongeza. Ukumbi sasa, feni moja watu 30 na Oktoba ya Dodoma, na chai inakuja saa tano imepoa. Tuyaache.

Siku ya nne kuna mwezeshaji katupigia stori za Uingereza, kwamba kule muuguzi au mfamasia akisomea anaandika dawa kihalali, toka 2006 karibu dawa yoyote iliyo ndani ya uwezo wake, na mfamasia anafanya masaa 90 chini ya msimamizi kabla hajaachiwa. Wengine walisinzia, mi hayo masaa 90 ndo yaliniamsha, maana hapo ndo kwetu panavuja. Tuliahidiwa msimamizi atakayetupigia kila wiki kwa miezi mitatu tupitie kesi. Kapiga mara moja, jamani, kuuliza kama cheti cha mahudhurio kimenifikia!

Kilichoniokoa ni tabibu wetu, nlimbembeleza na mchele kilo tano, Ijumaa mchana tunafungua rejista tunapitia nilivyoandika wiki nzima, ananibishia, namwonyesha kitabu, siku nyingine yeye ndo anakuta kakosea.

Kwa hiyo ukienda beba vyeti vyako vibaya kabisa, usibebe vizuri vya kujitetea, na kabla hujapanda basi elewana na mtu wa kazini kwako atakayekusimamia ukirudi. Nyota ya nne wataipata siku simu yangu itakapoita.