Tochi ya LED Niliyoiunda Mwenyewe: Inawaka Vizuri, Lakini Tuzungumze Kuhusu Joto

Haya watazamaji wangu, karibuni. Hii mnayoiona mkononi ni tochi niliyoiunda mwenyewe, na leo naichambua bila upendeleo kama ambavyo ningechambua ya dukani.

Nazima taa ya chumba. Mnaona ukutani? Katikati mwanga umekolea, pembeni unafifia taratibu, hakuna pete. Hiyo ni kazi ya kikombe cha kuakisi chenye vinundu kama ganda la chungwa. Chenye uso laini hutupa mwanga mbali zaidi, lakini kwa kutembea usiku mimi nachagua hiki.

Ndani mna LED moja ya wati 10, betri ya lithiamu aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, halafu dreva, yaani saketi ndogo inayodhibiti umeme unaokwenda kwenye LED. Kwenye dreva hapa naomba tukae kidogo. Betri hii ikijaa ina volti 4.2, na LED nyeupe inataka volti 3 na kitu. Watu wengi huunganisha moja kwa moja, ikawaka, wakafurahi. Sasa sikilizeni: LED ikipata moto, volti inayoitaka hushuka, kwa hiyo inavuta umeme mwingi zaidi, inazidi kuchemka, mwisho inaungua. Ya kwanza niliyonunua iliungua hivyohivyo, na iliniuma sana. Dreva ndiyo inayozuia umeme usivuke kiwango. Hii yangu ina chipu 8 za kudhibiti umeme, za aina iitwayo 7135, kila moja inapitisha miliampia 350, jumla ampia 2.8.

Imewaka dakika kadhaa tangu tuanze, naigusa shingoni... ina moto. Na ninafurahi kuusikia huo moto huku nje! Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, na joto hilo lazima lipate njia ya kutoka. LED nimeikalisha juu ya kipande kinene cha shaba, shaba imebana ndani ya bomba la alumini, na katikati nimepaka krimu ya kupitisha joto, nyembamba tu, ya kujaza vile vinyufa. Wenzangu mnaotumia bomba la plastiki kwa nguvu hii, nawasihi muache. Nje litakuwa baridi, na ndani LED inapikwa.

Betri msiichomelee waya moja kwa moja, joto la kuchomelea huiharibu. Wekeni kishikio chenye springi, na mchague betri yenye ulinzi wa ndani.

Kasoro yangu kubwa ni swichi ya mkiani. Imetengenezwa kwa ampia 1.5, nami napitisha karibu mara mbili yake, kwa hiyo nayo inachemka, na sehemu ya volti inapotelea hapo. Kwa sababu hiyo mwanga unaanza kupungua mapema kabla betri haijachoka. Naifungua leo hii niweke kubwa zaidi, halafu tutaiwasha mfululizo mpaka betri iishe, tuone inakaa muda gani.