Ripoti ya akademia za sayansi kuhusu viuatilifu na nyuki: nyota nne kati ya tano

Mimi ni mwalimu wa bailojia niliyestaafu. Nafuga nyuki na kulima alizeti wilayani Manyoni, mkoa wa Singida, na majirani zangu wengi wanaishi kwa vitu hivyo hivyo viwili. Niliposikia kwamba wanasayansi wa nchi mbalimbali za Afrika wameandika kwa pamoja kuhusu viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi, yaani aina ya dawa za kuua wadudu, niliipakua ripoti yao nikaisoma yote, kalamu mkononi. Ilitoka Novemba 2019, haiuzwi, na waliolengwa ni watunga sera. Naipima hapa kwa jicho la mtu ambaye sera hizo zinamfikia shambani.

Kwanza, nani kaiandaa. Ni NASAC, yaani Mtandao wa Akademia za Sayansi za Afrika, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2001, ukishirikiana na EASAC, baraza la ushauri la akademia za Ulaya. Aliyewaunganisha ni IAP, ushirika wa akademia wa dunia nzima wenye wanachama zaidi ya 140. Akademia hizi si vyuo vya kusomea. Ni jumuiya za wanasayansi wanaochaguliwa na wanasayansi wenzao. Tanzania tunayo, Kenya wanayo, Uganda wanayo, na zote tatu zimo NASAC. Hazitungi sheria wala haziuzi dawa, na hapo ndipo ninapoona faida yao. Mwenye kiwanda akisema dawa yake ni salama, ana mali ya kuuza. Waziri anahitaji mtu mwingine wa kumuuliza, asiye na chupa ya kuuza wala kura ya kutafuta. Kazi hii hawakuianza jana. Mwaka 2010, baada ya kosa kubainika katika ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, lile la kusema barafu ya Himalaya ingeweza kwisha ifikapo 2035, baraza la akademia za nchi mbalimbali ndilo lililokabidhiwa kukagua taratibu za jopo lile, na likasema wazi zipi zirekebishwe.

Sasa mada yenyewe. Nenda duka la pembejeo, chukua chupa ya kiuadudu, igeuze usome maandishi madogo. Huenda ukakutana na imidacloprid, thiamethoxam, acetamiprid au clothianidin, zote za kundi hili la neonikotinoidi. Jina la biashara lililo mbele ya chupa linabadilika kila msimu, haya ya nyuma ni yale yale. Tazama pia mbegu ya mahindi iliyopakwa rangi ya waridi au kijani. Pengine rangi ile imebeba dawa ya kuvu tu, pengine imebeba na hizi, na ni kibandiko pekee kitakachokwambia.

Dawa hizi zinayeyuka kwenye maji. Mmea unazifyonza, zinapanda hadi kwenye jani, ua, chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Mdudu anayetafuna jani anakufa, sawa. Lakini na nyuki aliyefuata ua la alizeti anapata sehemu yake. Zinapiga mfumo wa fahamu, na dozi ndogo haimuui nyuki pale pale: inampoteza njia ya kurudi mzingani, na kundi zima linadhoofika polepole. Mfugaji anafungua mzinga anakuta malkia yupo, majana (watoto wa nyuki) yapo, asali ipo kwenye masega, ila nyuki wafanyakazi ni wa kuhesabu. Hakuna mizoga ya kumwonyesha bwana shamba. Hasara ya namna hii mfugaji hawezi kuithibitisha peke yake hata akipiga kelele mwaka mzima, na ndiyo maana nafurahi watu wenye maabara wameshughulika nayo.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba ripoti haikuichukua Ulaya na kuibandika Afrika. Ulaya walizuia dawa tatu za kundi hili mwaka 2013 kwenye mazao yanayovuta nyuki, EASAC wakakusanya ushahidi mwaka 2015, na mwaka 2018 nchi za Umoja wa Ulaya zikapiga kura kuziondoa kabisa mashambani, zibaki ndani ya vitalu nyumba tu. Waandishi wetu wangeweza kunakili hukumu hiyo na kufunga kazi. Badala yake waliwakutanisha wanasayansi wa Afrika, kila mmoja na habari za kwake: mazao gani, dawa gani, sheria ipi. Na wamesema bila kuficha kwamba takwimu za kiasi kinachoingizwa na kutumika barani kwetu ni haba. Mimi nawapa alama kwa hilo. Mshauri anayemwambia waziri "hapa tunajua, hapa bado" ni wa kuaminiwa.

Jambo la asali lisiachwe. Mwaka 2017 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya sampuli 198 za asali kutoka kila bara isipokuwa Antaktika, na asilimia 75 zilikuwa na angalau aina moja ya dawa hizi. Viwango vingi vilikuwa chini ya kile kinachohesabiwa kuwa hatari kwa mlaji, kwa hiyo usiimwage asali yako. Ila sisi tunaosema asali yetu ni ya porini tunahitaji vipimo vyetu wenyewe, maana mnunuzi wa nje atapima tutake tusitake.

Ripoti inakazia sana suala la kutumia dawa kabla mdudu hajaonekana. Nilimweleza jirani yangu, kijana mwenye ekari kadhaa za mahindi na alizeti, kwamba kupaka kila mbegu kila msimu ni sawa na kumeza dawa ya malaria kila siku na hujapimwa: vimelea vinajifunza kuihimili dawa, na wadudu shambani vivyo hivyo.

"Sawa Mwalimu," akaniambia, "lakini viwavijeshi vamizi wakiingia, wewe utanilipa?"

Swali lake ni la haki. Tangu mdudu yule aingie nchini, watu wamepoteza mashamba. Jibu la ripoti ni udhibiti husishi: kagua shamba, vumilia uharibifu mdogo, tumia maadui wa asili na kilimo cha kubadilisha mazao, dawa iwe ya mwisho. Nakubaliana nalo kisayansi. Nilichokikosa ni hesabu ya shilingi kwa ekari moja, ya msimu wenye mbegu iliyopakwa na msimu usio na mbegu hiyo. Mkulima habadiliki kwa neno "endelevu", anabadilika akiona hesabu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hiyo na nyingine moja: lugha. Imeandikwa kwa wanaosoma Kiingereza cha kisayansi, na Kiswahili sikukiona. Ushauri huu ukiishia kwa katibu mkuu, bado haujafika kwa diwani anayepanga ushuru wa mazao, wala kwa binti anayeuza dawa kaunta.

Hata hivyo, kuna sababu moja inayonifanya nitetee kazi hii ya pamoja kwa nguvu zote. Tanzania ikizuia dawa peke yake, chupa itapita Sirari, Namanga au Tunduma kama bidhaa nyingine. Na sheria ya Ulaya ilipozuia kutumia dawa hizi mashambani mwao, haikuzuia viwanda vyao kuziuza nje. Nchi moja haina ubavu wa kupambana na hali hiyo. Wanasayansi wa nchi jirani wakisema maneno mamoja, kila waziri anakwenda kwenye kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki akiwa na karatasi ile ile mkononi.

Kinachotakiwa sasa kiko ndani ya uwezo wetu. Akademia ya Tanzania ichukue ripoti hii, itoe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, iupeleke kwa mamlaka ya viuatilifu kule Arusha, kwa maofisa ugani na kwa vyama vya wafuga nyuki vya Singida, Tabora na Katavi. Kikundi chetu kiko tayari kutoa asali ya kupimwa, yenye lebo ya mahali na mwezi ilipovunwa. Ukiwa mwalimu, afisa ugani au diwani na Kiingereza unakimudu vizuri, ipakue ripoti, anza na mapendekezo, kisha rudi kwenye ushahidi. Halafu uende dukani ukageuze chupa.